Kutoka saidia fundi mpaka fundi bomba: mnaotaka kuingia huku njooni niwape ukweli wake

fundi_mbagala
Wakuu habari za mchana. Nimekaa saiti hapa namsubiri fundi tailizi amalize ukuta wake niingie kufunga sinki, bando ipo, nikaona nifungue huu uzi kwasababu kila wiki lazima kijana mmoja anifuate, bro nataka kuingia kwenye bomba nianzie wapi, na wote wanadhani kazi yenyewe ni kukunja tepu kwenye koki na kupokea hela.

Mimi nimeanza 2014 kama saidia fundi hapahapa Dar. Form four nilipata ile ziro kavu, mjomba akanipeleka kwa mzee mmoja Temeke, nitamwita Mzee tu. Mwaka wa kwanza wote sijashika hata spana, kazi yangu tindo na nyundo, kuchimba mifereji ukutani, kubeba mabomba begani kutoka hadiwea mpaka saiti, na kutumwa chai. Elfu 8 kwa siku, kula juu yangu. Vidole vilikuwa vimevimba mpaka kushika kijiko shida.

Kitu cha kwanza cha maana alichonifundisha ni mpira wa leveli. Ule mpira mweupe unaoona ndani, unajaza maji, mmoja anashika huku mwingine kule, maji yakitulia ndo usawa wenu. Sasa siku ya kwanza nikashika upande wangu nikapiga alama ya penseli chap, Mzee akaja akaukagua mpira wote taratibu kama anatafuta chawa, katikati akakuta povu la hewa refu kama kidole. Akaniambia futa. Mpira ukiwa na hewa ndani alama yako ni uongo mtupu, na ukijenga mfumo wa maji taka juu ya alama ya uongo choo kitakutukana mbele ya wageni. Akapuliza, povu likatoka, tukapima tena. Tofauti ilikuwa karibia vidole viwili.

Naendelea, ngoja nikunywe maji.

Koki Kavu
Tiririka mkuu, nimekaa na kahawa.

mpenda_vitu_vifupi
Fupisha basi. Pesa inapatikana au haipatikani?

fundi_mbagala
Inapatikana ila we kwa haraka hiyo hutofika nayo.

Mwaka wa pili ndo nikaanza kushika vifaa. Spana ya bomba, spana malaya (samahani wakubwa, ndo jina lake), tepu mita, msumeno, na baadae mashine ya kuchomea PPR. Wasioijua PPR ni haya mabomba ya plastiki nene, mengi ya kijani au meupe, hayaungwi kwa gundi wala thredi, unayayeyusha. Mashine inapanda mpaka nyuzijoto 260, unaingiza bomba upande huu na elbo (ile kona ya kuungia) upande ule kwa wakati mmoja, unahesabu, unachomoa, unasukuma moja kwa moja BILA kuzungusha, unashikilia. Bomba la milimita 20 sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Ukizidisha plastiki inarudi ndani inaziba tundu, mteja anabaki analalamika maji yanatoka kama machozi na kwa nje jointi inavutia kabisa. Ukipunguza, yaani hiyo nitaisimulia kivyake maana ilinilaza njaa.

Mzee alikuwa anahesabu kwa sauti, elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Nilikuwa namcheka. Leo na mimi nahesabu hivohivo saiti, saidia wangu ananicheka mimi.

Bi Elbo
Mkuu uzi mzuri, niongezee upande wa shule maana wengi humu mnaongea kama vile njia ni moja ya mtaani tu. Mimi ni mwanamke na ni fundi bomba, nimepita VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, ngazi ya kwanza mpaka ya tatu, zamani wazee waliita tredi testi gredi 3 kushuka mpaka 1 kwahiyo ukisikia mzee anajisifu ana gredi wani mheshimu. Shule inakupa kitu ambacho mtaani unaweza kukaa miaka 10 usielezwe, KWANINI. Mfano fundi wa mtaani anajua choo kikivutwa maji lile tundu la kutolea maji la sakafuni bafuni linalia gluglu halafu harufu inaingia, anamwambia mama mwenye nyumba nunua dawa ya harufu. Shida sio dawa! Kila trapu, ile kona ya bomba iliyopinda chini ya choo au tundu la maji, inatakiwa ibaki na maji kama sentimita 5 hivi, ndo kizibo cha harufu. Choo kikishuka kwa nguvu na bomba la hewa hakuna, kinavuta hewa kupitia kwenye trapu ya jirani, kile kizibo kinanyonywa, hewa ya shimoni inapanda. Dawa ni bomba la kupumulia lipande mpaka juu ya paa. Na kama ni chumba cha wageni hakitumiki, maji ya kwenye trapu yanakauka yenyewe, mwaga kikombe cha maji kila baada ya wiki mbili basi.

Na kwa waliojifunzia mtaani kuna urasimishaji ujuzi, unapimwa unachokijua, ukifaulu unapewa cheti bila kurudi darasani mwaka mzima. Msidharau karatasi, kampuni za ujenzi na mahoteli wanaiulizia getini, na mkija kutaka zabuni kubwa mtakutana na bodi ya wakandarasi hapo.

fundi_mbagala
Dada umenipiga penyewe. Mimi cheti nilikipata 2019 kwa njia hiyohiyo, na nilivyokuwa naenda kupimwa nilikuwa najiona bingwa, mkufunzi akaniuliza mteremko wa bomba la maji taka la inchi 4 ni ngapi nikamjibu "mkubwa ili mzigo ukimbie". Akacheka mpaka akakaa. Kumbe mita moja ishuke sentimita 2 na nusu panatosha, ukilaza sana mzigo unakaa, ukisimamisha sana maji yanakimbia yanauacha mzigo njiani peke yake, inaziba vilevile. Mzee alikuwa ananiwekea mteremko sahihi miaka yote ile, ila alikuwa anapima kwa kipande cha mbao alichokigongea kimguu upande mmoja, hakuwahi kuniambia ni namba gani na mimi sikuwahi kuuliza.

Dada wa Kinyerezi
Nyie mafundi mpo vizuri kuongea humu lakini huku nje ni waongo balaa. Mnachukua advansi mnazima simu. Mnakwenda hadiwea mnaandikiwa risiti ya elfu 60 kwa kitu cha 38. Sasahivi nina fundi ananiambia nivunje tailizi za korido, bili ya maji imetoka 25,000 mpaka 110,000 miezi mitatu sasa, anasema bomba limepasuka chini ya sakafu, anataka 450,000 ya kuvunja na kurudishia. Sijui hata nimuamini.

Koki Kavu
Hapo kwenye cha juu dada umetugusa wengi 😂😂

fundi_mbagala
Dada usivunje kwanza, nakuomba. Nitakurudia chini nimalizie kisa maana kinahusu kuvunja hukohuko.

Kuhusu cha juu nisiwe mnafiki, nilishakula. Mfumo wenyewe ulivyo, mteja anabana ufundi mpaka unaona bora ukubali halafu urudishie kwenye vifaa, na mwenye duka anakuwekea kamisheni bila hata kumuomba. Siku hizi nampa mteja listi aende akanunue mwenyewe, naandika mpaka unene wa bomba, na ufundi wangu nataja wazi. Napoteza kazi kama tatu kwenye kumi kwa bei, ila hizo saba zinazobaki zinanipa namba yangu kwa mashemeji zao.

Haya, kisa. 2018 nimeshaachana na Mzee kwa amani, nimejitegemea, nimenunua mashine yangu ya kwanza ya PPR Kariakoo, ya bei ya chini ile, sanduku la bluu. Nikapata nyumba nzima, vyumba vitatu, vyoo viwili na jiko, ufundi 350,000. Nilijiona waziri. Siku ya mwisho tumebakiza jointi tatu za bafu la masta, mashine imeshakolea, luku (umeme wa kulipia kabla) ikakata. Saiti hakuna mwenye hela ya luku, mlinzi anasema bosi kasafiri. Nikamwambia saidia mashine bado ya moto hii, tumalizie. Tukachoma tatu zile kwa moto uliobaki, zikaingia ila kwa kulazimisha kidogo, ile raha ya kuteleza haikuwepo na mkono uliijua kabisa, mimi ndo nikaunyamazisha.

Pampu ya kupimia presha sikuwa nayo, nilikuwa naazima kwa Mzee, na kwenda Temeke nikaona mbali. Nikafungulia maji ya simtenki, hakuna kinachovuja, nikapiga picha, nikachukua hela yangu. Sasa mjue simtenki kwenye stendi ya mita 3 haina nguvu yoyote, mita 10 za kwenda juu ndo unapata presha ya bar 1, kwahiyo pale nilikuwa napima kwa bar sifuri nukta tatu. Hata ndoo inashinda. Wenyewe walipohamia wakafunga pampu ya presha.

Miezi miwili simu. Rangi ya sebuleni imevimba kama mkate. Nikafika, bosi hakunitukana hata kidogo, alinikalisha kwenye kochi likitazama ule ukuta akaniletea soda. Aisee ile soda sijawahi kuimaliza mpaka leo. Nikavunja tailizi 11 bafuni, jointi ya pili kati ya zile tatu ilikuwa inalia taratibu, tone moja nimehesabu elfu moja na nne ndo linadondoka. Nilizikata zote tatu. Ukiichana kwa msumeno unaona kabisa bomba na elbo vimegusana ila havijawa kitu kimoja, unaona mstari. Jointi nzuri haina mstari.

Tailizi zile dukani zipo, namba ileile ya kwenye boksi, ila toleo jingine, rangi imepauka. Ukuta mzima ukabidi urudiwe. Jumla 380,000. Nyumba nzima ilinipa 350,000 kwahiyo nikauza simu. Kuanzia hapo kabla fundi tailizi hajagusa ukuta napandisha presha bar 10, naacha usiku mzima, asubuhi naenda na mwenye nyumba au mtu wake, wote wawili tunaangalia mshale wa kipimo cha presha. Ukishuka hapapigwi plasta.

Koki Kavu
Dah. Hiyo soda.

Mkazi wa Likoni
Salaam kutoka Mombasa. Nami ni fundi wa mifereji, huku kwetu koki twaiita mfereji, mwanichekesha mkisema mwachimba mifereji ukutani. Kwetu mitihani ni ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, gredi ya 3 kisha 2 kisha 1, na hapa watu wengi waingia kwa mjombake vilevile. Langu ni moja, vijana wa pwani mkiingia kazi hii jueni maji yenu. Visima vingi hapa ni chumvi, paipu za chuma zaliwa, miaka michache tu waikata wakuta ndani kutu imejaa pamebaki tundu la kupitisha penseli. Mteja akikwambia "weka chuma ndiyo madhubuti, babangu aliweka", mueleze kwa adabu, ukishindwa muoneshe kipande. Mie nina kipande changu natembea nacho kwenye kikapu cha vyombo, hakuna mzee aliyewahi kubishana nacho.

fundi_mbagala
Shikamoo fundi, hicho kipande naiba hiyo mbinu.

Mkongo_Texas
Habari ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, sasa niko Texas na kazi yangu ni hiihii ya bomba. Niwaelezee ya huku kidogo maana kuna watu wanadhani ukifika Marekani na spana yako unaanza kazi kesho.

Huku huwezi kugusa bomba la mtu kwa malipo bila kuandikishwa. Unaanza kama mwanagenzi, unaandikishwa kwenye bodi ya mafundi bomba ya jimbo, unafanya kazi chini ya fundi mwenye leseni, masaa yako yanaandikwa. Ukifikisha masaa 8,000 na masomo yanayotakiwa ndipo unaruhusiwa mtihani wa cheo wanachoita janimani. Masaa 40 kwa wiki piga hesabu mwenyewe, ni kama miaka minne. Sisi tuliosoma Kifaransa kidogo hilo neno tunalijua, ni journée, kutwa, yaani fundi anayelipwa kutwa yake, si mwanafunzi tena lakini bado si mwenye karakana. Na mpaka leo ndivyo ilivyo, na leseni ya janimani bado siwezi kwenda kwa mteja nikachukua kazi kwa jina langu, lazima niwe chini ya masta. Nilianza nikiwa na miaka 31, mkubwa wangu wa kazi alikuwa na 24, nilikuwa namuita boss na ninampikia sombe. Hakuna aibu.

Februari 2021 tulipigwa na baridi ambayo jimbo halikuizoea, umeme ukakatika siku kadhaa. Huku nyumba nyingi mabomba yanapita darini, juu ya dari pale hakuna joto. Maji yakiganda yanavimba karibu sehemu 9 kwa 100, bomba la shaba linapasuka kama ganda la karanga. Lakini barafu yenyewe inaziba, hakuna anayejua! Ni jua liliporudi ndipo nyumba zikaanza kunyesha ndani. Mafundi hawakutosha, jimbo likafungua mlango kwa mafundi wa majimbo mengine. Nilikuwa bado mwanagenzi, nililala ndani ya gari la kazi. Bibi mmoja mzee alikuwa amesimama katikati ya sebule na mwavuli. Ndani ya nyumba yake. Nilipofunga valvu ya barabarani ikanyamaza alinishika mkono akasahau kuuachia.

mpenda_vitu_vifupi
Mshahara sasa mkuu

Mkongo_Texas
Unalisha watoto, unatuma Kasulu, mgongo unauma. Umeridhika?

kijana_wa_2005
Wakuu mimi ndo nataka kuanza, niko Morogoro, sina mtaji sina mjomba. Ninunue nini kwanza?

fundi_mbagala
Usinunue kitu. Tafuta saiti ambayo ukuta umefika kwenye linta, nenda asubuhi saa moja, muulize fundi bomba ni nani, mwambie nitachimba wiki moja bure ya nauli tu. Wengine watakufukuza, yupo atakaekubali. Ukikaa miezi sita nunua tepu mita na msumeno, vya kwako, uandike jina. Na uliza KWANINI kila siku usiwe kama mimi. Ukiweza kupata ada nenda na shule kama dada Bi Elbo alivyosema, fanya vyote.

Bi Elbo
Na ukiwa wa kike hukohuko saiti sema mapema unataka kuchimba, usipangiwe kupika. Mimi walinipa sufuria siku ya kwanza. Nikaipokea, nikachanganyia saruji.

Koki Kavu
😂😂😂 nimekubali

fundi_mbagala
Haya Dada wa Kinyerezi tuje kwako. Una simtenki?

Dada wa Kinyerezi
Ndio, lita 2000, ipo juu ya stendi nyuma ya nyumba. Maji ya DAWASA yanaingia humo kwanza ndo yanakuja ndani.

fundi_mbagala
Vizuri. Maji ya mtaani yakiwepo, na tenki likiwa limejaa, funga koki zote za ndani, hata za vyooni. Nenda kwenye mita, kuna kagurudumu kadogo kama nyota. Kanazunguka?

Dada wa Kinyerezi
Maji kwetu yanakuja usiku. Nitaangalia nikujibu.

Dada wa Kinyerezi
Haya saa 5 usiku nipo nje na tochi na kanga. Kanazunguka, tena sana!! Kwahiyo fundi yupo sahihi, limepasuka?

fundi_mbagala
Subiri. Kuna koki kwenye bomba linalopanda kuingia tenkini, ifunge, halafu kaangalie tena.

Dada wa Kinyerezi
Kamesimama. Kamesimama kabisa.

Bi Elbo
Basi usivunje bado. Bomba la kutoka mita mpaka kwenye hiyo koki ni zima, na la ndani linakula ya tenkini, kwahiyo tuangalie tenki kwanza, pengine boya (lile tufe linaloelea na kufunga maji tenki likijaa) halifungi.

fundi_mbagala
Kamaliza. Dada bomba la kumwagia maji yakizidi, la juu kabisa ya tenki, linaelekea wapi?

Dada wa Kinyerezi
Sijawahi kulifatilia. Ngoja.

Jamani limeunganishwa linaingia kwenye chemba ya maji taka. Nimefunua mfuniko nasikia maji yanashuka humo.

fundi_mbagala
Ndo maana hamjawahi kuona tone hata moja chini. Maji yanakuja usiku mmelala, tenki linajaa, boya halifungi, yanazidi yanaenda chemba mpaka asubuhi, na mita inahesabu. Kesho mtu apande alifungue boya alitikise.

Dada wa Kinyerezi
Nimepanda mwenyewe asubuhi hii, kijana wa jirani kanishikia ngazi. Lile tufe ukilitikisa linasema chubwi chubwi, lina maji ndani nusu.

Mkazi wa Likoni
Limezama masikini. Litaelea vipi na limekunywa.

fundi_mbagala
Nunua boya jipya zima na mkono wake, usikubali wakuuzie tufe peke yake, na kabla ya kulifunga fungua koki dakika moja mchanga utoke. Kufunga ni dakika 20 na mpe kijana hela ya soda. Huyo fundi wa 450,000 usimtukane, mpigie tu umuulize kama alifunga ile koki ya kupandia tenkini kabla hajakwambia uvunje.

Wacha niingie, fundi tailizi kaniita, sinki linanisubiri.

Dada wa Kinyerezi
Nimempigia. Simu haipatikani.